Gari Lililomtafuta Dada Yangu Matiri

Gari la wagonjwa liliingia uani kwa shemeji yangu Vitalis, kijijini Matiri, likiwa limewasha taa zote, na hapakuwa na mtu yeyote katika nyumba ile aliyeliita.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, mwezi wa tatu, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Vitalis alikuwa ametoka kuchimba ngolo, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huyapanga kwenye miteremko yao, na miguu yake ilikuwa na udongo hadi magotini.

Wahudumu wawili wakashuka na machela.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa gani?"

"Edina. Mjamzito. Tumeambiwa hali ni mbaya, tuwahi."

Vitalis akacheka. Yeye mwenyewe alinisimulia kwamba alicheka, na kwamba hatajisamehe kwa kicheko kile.

"Jamani, mke wangu yuko kwao Kihagara, ziwani huko. Alishuka tangu mwezi uliopita. Hapa nipo mimi na kuku."

Dereva akaitazama simu yake. Akaitazama nyumba. Akairudia simu.

"Lakini mfumo unasema yuko Matiri."

Edina ni dada yangu. Wakati dereva akibishana na simu, Edina alikuwa amelala kwenye mkeka wa mama yetu, Kihagara, mtoto amekwama, na kila aliyekuwepo pale akiamini kwamba gari liko karibu.

Gari liliwahi kweli. Liliwahi mahali ambapo hakuwepo.

Na mfumo uliolilaza gari Matiri wiki ile, aliyeuongezea kasi ni mimi.

Naitwa Zita. Nasoma sayansi ya kompyuta huko Dodoma, mwaka wa tatu. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu kisa hiki ni rahisi kukielewa vibaya, na mimi nimekwisha kueleweka vibaya mara moja. Gharama yake mtaiona.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilifanya mafunzo kwa vitendo katika shirika moja la afya ya uzazi lenye ofisi Mbinga mjini. Sitalitaja jina. Shirika lilikuwa na gari moja tu la wagonjwa, na gari hilo lilihudumia vijiji vya milimani pamoja na vile vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Gari moja, milima na ziwa. Anayezijua barabara zetu wakati wa masika anaelewa kwamba ukilikosea gari mahali pa kulala, umekosea kila kitu.

Kwa hiyo kila Jumatatu ofisi iliiuliza kompyuta swali moja: kina mama wanaokaribia kujifungua wiki hii wako wengi wapi, na gari lilale wapi?

Swali hilo kompyuta ililijibu kwa nusu siku. Wakati mwingine iliganda kabisa.

Mratibu wetu alikuwa Bwana Crispin, mtumishi aliyetoka mkoa mwingine, mcheshi, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya vumbi. Siku yangu ya kwanza alinipokea hivi:

"Binti, umekuja kutafuta muhuri kwenye fomu yako ya chuo, au umekuja kufanya kazi?"

"Kufanya kazi, Mratibu."

"Basi anza na huyu kobe." Akaigonga kompyuta kwa kiganja. "Nikimuuliza asubuhi, ananijibu nikiwa nimeshakula ugali na kunawa."

Acha niwaeleze kobe yule alikuwa na shida gani, maana bila hilo hamtaelewa mengine.

Taarifa za kina mama zilitunzwa katika hifadhidata ya nyaraka. Maana yake, kila mama ana waraka wake ndani ya kompyuta, na waraka huo haulazimishwi kufanana na wa mwenzake. Mhudumu wa afya kijijini, kwa simu yake, anaweza kuongeza kipengele chochote anachoona kina maana.

Na waliongeza!

Mhudumu mmoja wa kijiji cha Ruanda alikuwa na kipengele kinachoitwa "mume mkali". Mwingine wa Matiri aliandika "mbwa wao anang'ata, pigeni hodi kwa mbali". Yupo aliyeweka "anaogopa sindano kuliko uchungu". Nilizisoma nyaraka zile nikicheka peke yangu, lakini pia nikiwa na heshima. Nilihisi kana kwamba vijiji vyenyewe vinazungumza.

Huku kwetu ziwani wahudumu walikuwa wameongeza kipengele kimoja kifupi: "kwao".

Kwetu, uzazi wa kwanza binti hurudi kwa mama yake. Anaweza kuwa ameolewa milimani, ameandikishwa kliniki ya milimani, lakini siku zikikaribia anashuka. Mama yake ndiye atakayemshika mgongo. Kompyuta haijui desturi hiyo. Kwa kompyuta, binti bado yuko Matiri kwa mumewe. Basi wahudumu wa ufukweni wakaamua wenyewe: binti akishuka, wanaufungua waraka wake na kuongeza "kwao: Kihagara", au kijiji kingine alichoshukia.

Hakuna aliyewafundisha. Mfumo uliwaruhusu, nao wakautumia uhuru wao vizuri.

Lakini uhuru huo una uzito. Ukiiuliza hifadhidata ya aina hii swali linalowahusu watu wote kwa pamoja, inafungua waraka mmoja baada ya mwingine na kuusoma wote, mume mkali na mbwa wakiwemo, ili itoe vitu viwili tu: tarehe na mahali. Ni kama kumwaga kila gunia la kahawa lililomo ghalani ili ujue rangi ya kamba iliyolifunga.

Mimi sikuzigusa nyaraka.

Niliandika programu iliyozipitia mara moja, ikavichuja vile vipengele vinavyoulizwa kila mara, kisha ikavipanga kando kwa safu: tarehe zote mahali pamoja, vijiji vyote mahali pamoja. Swali likija, kompyuta inasoma safu mbili tatu tu. Nyaraka zinabaki zimefungwa, nzima kama zilivyoandikwa. Waraka mpya ukiingia, safu zinajiongeza zenyewe.

Palikuwa na mtego mmoja. Kwa kawaida kipengele hupewa safu yake kikionekana katika nyaraka nyingi. "Kwao" kilionekana katika nyaraka chache sana. Kwa kipimo hicho kilistahili kuachwa.

Sikukiacha. Nilikipa safu, na nikaweka kanuni: mama mwenye "kwao" ahesabiwe huko, asiye nayo ahesabiwe kijiji alikoandikishwa. Nilijua ninachokifanya, kwa sababu mimi ni mtoto wa huko.

Jumatatu ya kwanza nilimwomba Mratibu abonyeze mwenyewe.

Akabonyeza. Jibu likatoka kabla hajaondoa kidole.

"Weee!" Akarudi nyuma na kiti chake. "Hebu tena."

Akabonyeza tena.

"Binti, umeua! Kobe huyu umempa pikipiki!"

Jibu lilisema gari lilale Kihagara. Haikuwahi kutokea kabla ya siku ile. Mchana ule nilipigiwa simu na mama Gertruda, mhudumu wa afya wa kijijini kwetu, aliyenijua tangu nikiwa natambaa.

"Zita mwanangu, kuna gari jeupe limeegeshwa hapa zahanati. Watu wamejaa, wanadhani kuna kiongozi kafariki!"

"Ni la kwenu, mama. Litalala hapo wiki nzima."

"La kwetu? Basi ngoja nikalifute vumbi."

Nilisikia kina mama wakipiga vigelegele nyuma yake. Nikatoka nje ya ofisi, nikasimama kwenye jua, nikalia kidogo. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile nikiamini kwamba elimu hii ngumu, yenye maneno ya kigeni, iko siku itawafikia watu wangu. Siku ile iliwafikia.

Kabla ya kurudi chuoni niliandika taarifa ya mafunzo. Ndani yake ilikuwemo sentensi hii: "Utofauti wa vipengele baina ya nyaraka ndio chanzo kikuu cha kuchelewa kwa maswali ya uchambuzi."

Ni sentensi ya kweli. Hata leo ni ya kweli. Kurasa zilizofuata zilieleza jinsi mashine inavyoweza kuubeba utofauti huo bila kumnyamazisha yeyote.

Mratibu aliipokea taarifa kwa mikono miwili.

Mwezi wa pili mwaka huu Edina alinipigia simu akiwa na furaha ya kupindukia.

"Mdogo wangu, nimeshuka kwa mama. Nimechoka maharage ya kwa mume, nataka usipa!"

"Unaacha mume na kahawa yake kwa ajili ya dagaa?"

"Dagaa wako ni wa huko mjini. Huyu ni usipa, mwambie hivyo na profesa wako." Akacheka, kisha sauti yake ikapungua. "Zita, ile mashine yako inajua kwamba niko huku?"

"Inajua, dada. Mama Gertruda akishakuandika tu, inajua."

"Basi nitapelekwa hospitali na gari jeupe kama mke wa waziri."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho akiwa bado na ujauzito.

Jumapili ile uchungu ulimwanza asubuhi. Mchana mama Gertruda akaona kuwa mtoto hashuki. Mtandao wa simu ulikuwa unakatika kwa sababu ya mvua iliyokuwa ikinyesha ziwani, hivyo akakibonyeza kitufe cha dharura, ambacho hutuma ujumbe hata mtandao ukiwa dhaifu. Kitufe kile humpelekea dereva jina la mahali palipoandikwa katika waraka wa mama.

Mahali palipoandikwa ni Matiri. Na gari lilikuwa limelala Matiri.

Mengine mnayajua. Dereva alipomaliza kuelewa, aliteremka kwa kasi yote aliyoweza, lakini barabara ilikuwa tope, na kuna mahali alisukumwa na wanakijiji. Alifika Kihagara jioni.

Dada yangu aliokolewa. Mtoto wake hakuokolewa.

Nilifika hospitali nikiwa na vumbi la safari kutoka Dodoma. Vitalis alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, bado na udongo kwenye kucha. Ndipo aliponisimulia habari za machela na kuku na kicheko chake.

"Shemeji," akaniambia, "walinikuta nanawa miguu. Hebu fikiria. Gari zuri, wahudumu wazuri, mimi nanawa miguu."

Niliingia ndani. Edina alikuwa ameelekea ukutani.

"Pole, dada."

"Alikuwa wa kiume."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Uliniambia inajua," akasema.

"Ilikuwa inajua. Dada, nakuapia, ilikuwa inajua. Sielewi kilichotokea."

"Basi nenda ukaelewe." Hakugeuka. "Mimi niache nilale."

Nikaenda.

Ofisini Mratibu alinipokea kwa huzuni ya adabu. "Pole sana, binti. Nimesikia. Mipango ya Mungu hiyo."

"Mratibu, naomba niione programu yangu."

"Iangalie tu, ni yako. Hakuna aliyeigusa. Inafanya kazi vizuri ajabu!"

Niliikagua mstari kwa mstari. Kanuni yangu ilikuwepo vilevile. Safu ya "kwao" ilikuwepo. Nikaishusha taratibu: Kihagara, Liuli, Lituhi, Kihagara, majina ya vijiji vyetu yamejaa hadi mwisho wa kiangazi.

Baada ya hapo, tupu. Miezi yote ya masika, tupu.

Nikadhani programu imeacha kusoma, nikazifungua nyaraka zenyewe za miezi hiyo, mmoja mmoja, kama kobe wa zamani. Hakuna "kwao". Hakuna mume mkali. Hakuna mbwa. Nyaraka zote zilifanana kama matofali ya tanuru moja.

Mashine yangu haikukosea kusoma. Hakikuandikwa cha kusomwa.

Siku iliyofuata nikashuka Kihagara. Nilimkuta mama Gertruda akianika usipa kwenye chanja nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakuniita mwanangu. Aliendelea kutandaza samaki wake.

"Umekuja kutukataza nini tena?"

"Kukataza? Mimi?"

"Nani mwingine? Tuliitwa semina Mbinga, mwaka jana, wewe ulipokwisha kuondoka. Chai, maandazi, kila mtu kafurahi. Mratibu akasimama akasema, utafiti wa Zita, binti wa Kihagara, umeonyesha kwamba vipengele vyenu vya ziada ndivyo vinavyoufanya mfumo uwe mzito. Kuanzia leo tunajaza vya ofisi tu. Simu zetu zikachukuliwa, zikarudi hazina ile sehemu ya kuongeza."

Nilishika nguzo ya chanja.

"Alitaja jina langu?"

"Alitaja, tukapiga na makofi! Wenzangu wa milimani wakanung'unika kidogo. Mimi ndiye niliyewanyamazisha. Nikawaambia, huyo mtoto namjua, nimemlea, na anawapenda watu wake. Kama amesema tusiandike, basi ameshatafuta njia nyingine ya kujua walipo."

Upepo wa ziwa ulikuwa ukipeperusha kanga yake. Akaacha samaki, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Sasa mimi nauliza. Hiyo njia nyingine iko wapi?"

"Sikusema hivyo, mama. Sikuwahi kusema msiandike."

"Na kijiji kilichoandikwa kwenye waraka hatuwezi kukibadilisha. Kimefungwa. Kliniki ya milimani ndiyo yenye ruhusa, nao nikiwaomba wananiambia, huyo ni wetu, unataka kutuharibia takwimu?" Akainua kidole chake chenye magamba ya samaki. "Nilikibonyeza kile kitufe kwa kidole hiki. Kikaniandikia, gari liko njiani. Nikamwambia mama yako, Mama Edina, vumilia, gari liko njiani. Nikachukua mwavuli, nikaenda kusimama barabarani kulipokea. Nimesimama pale, Zita. Kila nikiisoma simu, gari liko njiani. Kila nikiisoma, liko njiani."

Nilitaka kumshika mkono. Akauchukua ungo wake akaingia ndani.

Nilirudi Mbinga nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua ndani yangu. Mratibu alinisikiliza hadi mwisho, lazima niseme ukweli huo. Kisha akaifungua taarifa yangu, akaniwekea kidole kwenye ile sentensi.

"Hii si yako?"

"Ni yangu. Lakini geuza ukurasa, Mratibu. Nimeeleza mzigo huo aubebe nani. Nilisema iubebe mashine."

"Binti, sikiliza. Kila kipengele kipya kikizuka, mtu anatakiwa kuamua kama kinapewa safu au hakipewi. Wewe umeondoka. Nani angeamua, mimi? Na nusu ya hivyo vitu ni upuuzi. Mbwa anang'ata! Mume mkali! Wafadhili wanauliza, hii ni hifadhidata au gumzo la kilabuni?"

"Na 'kwao'?"

Akaifunga taarifa.

"Hicho sikukifikiria," akasema. "Kilikuwa kwenye nyaraka chache mno."

Nadhani alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Hakuwa na chuki na mtu. Alisoma sentensi moja, ikamfaa, akasimama hapo.

"Basi kirudishe, Mratibu. Leo."

"Tutaliangalia. Baada ya ugeni." Akajifuta uso. "Na hilo ndilo nilitaka kukuambia. Wiki ijayo wafadhili wanakuja kuona mfumo. Wamesikia habari zako. Nataka usimame wewe uwaonyeshe. Unajua sasa hivi ni mwepesi hata kuliko ulivyouacha? Nyaraka zinafanana, kitu kinapaa!"

Nilikubali. Alifurahi, akidhani nimeelewa.

Ukumbi ulikuwa umepambwa. Wageni mbele, watumishi wa halmashauri katikati, wahudumu wa vijijini nyuma kabisa. Mama Gertruda alikuwepo, amevaa kitenge chake cha kanisani, hakunitazama.

Mratibu akanitambulisha kwa maneno matamu. Nikapanda jukwaani. Kompyuta ilikuwa imeunganishwa na skrini kubwa.

"Nitauliza swali moja," nikasema. "Ni wajawazito wangapi wa uzazi wa kwanza ambao wiki hii wameshuka kwa mama zao, ufukweni mwa ziwa?"

Nilikuwa nimetembelea vijiji viwili tu siku zilizotangulia, na nilikuwa nimekutana nao, mabinti wenye matumbo makubwa wakiota jua milangoni kwa mama zao. Mmoja alinipa ndizi.

Nikabonyeza.

Sifuri.

Ilitoka papo hapo, kubwa, katikati ya skrini. Nilikusudia iwatulize wote. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu: "Tazameni sifuri hii. Ndani yake yumo dada yangu." Nilivuta pumzi niyaseme.

Ukumbi ukapiga makofi.

Walipiga makofi, ndugu zangu. Mgeni mmoja alimgeukia mwenzake akionyesha saa yake ya mkononi na kutikisa kichwa kwa mshangao. Mratibu alikuwa akitabasamu kama baba wa bibi harusi. Hawakuitazama sifuri. Walitazama jinsi ilivyotoka haraka.

Nilisubiri wanyamaze. Nikayasema maneno yangu yote. Nilisema kwamba sifuri ile ni uongo, kwamba kina mama wapo, kwamba tumewanyang'anya wahudumu neno moja dogo na kwa neno hilo tumempoteza mtoto. Nilimtaja Edina.

Mgeni wa mbele akasimama, mama mpole mwenye miwani, akaweka mkono kifuani.

"Pole sana kwa dada yako," akasema. "Tunakupongeza kwa ujasiri. Nina swali fupi tu la kiufundi. Mkiwaingiza kina mama wa mikoa mingine, kasi hii itabaki hivi hivi?"

Nyuma kabisa nilimwona mama Gertruda akikusanya mkoba wake, akatoka nje.

Mratibu alichukua kipaza sauti, akamjibu kwamba kasi itabaki.

Nayaandika haya nikiwa chuoni. Sehemu ya kuongeza vipengele haijarudishwa, nimeambiwa inajadiliwa. Jumatatu hii nilimpigia Vitalis, akaniambia gari limepita tena kuelekea kituo cha Matiri, safi, limeoshwa. Edina amerudi kwa mumewe. Tunazungumza habari za mvua na kahawa. Habari za mashine hataki, na sina haki ya kumlazimisha.

Wenzangu mnaosoma fani hii, nawaomba jambo moja. Mtakutana na data zisizofanana, nanyi mtatakiwa kuziharakisha. Ziharakisheni. Lakini kazi ya kuubeba utofauti wa watu ni kazi yenu na ya mashine zenu. Siku mtakapoona ni rahisi zaidi kuwaambia watu wafanane, jueni kwamba mmeacha kujibu swali, mmeanza kuwapunguza watu ambao swali linawahusu.

Na ninyi wengine, kama una dada au binti aliyeshuka kwenu kujifungua, usikiamini kitufe peke yake. Panda kilimani utafute mtandao, mpigie dereva mwenyewe, mtajie kwa mdomo wako mahali alipo mgonjwa. Akikuambia yuko njiani, muulize njia ipi.